Polisi huambiwa nini kuhusu nyumba yako kabla hawajagonga mlango

Swali la msomaji: "Shikamoo. Tunaishi mji mmoja wa jimbo la Ohio, Marekani, mimi, mume wangu, watoto na mama mkwe. Nyumba tumeipanga tangu mwaka jana. Mwezi uliopita mama alianguka bafuni usiku nikapiga 911, namba ya dharura ya huku. Kabla ya gari la wagonjwa walikuja polisi wanne. Hawakusimama mbele ya mlango, walijibanza pembeni, mmoja mkono uko kiunoni, wakaniuliza alipo mwanamume ambaye jina lake sijawahi kulisikia. Gari la wagonjwa lilikuwa limepaki kona ya juu likisubiri huku mama analia kwa maumivu. Jirani anasema nyumba yetu 'inajulikana'. Polisi huambiwa nini kabla ya kufika? Nani anayaandika hayo? Na yanafutika?"

Marahaba, dada, na pole kwa mama. Kwa ulivyoeleza, karibu kila ulichokiona kina sababu moja: anwani yenu ina alama ya tahadhari iliyowekwa enzi za mpangaji aliyetangulia, na hakuna aliyeiondoa alipohama. Askari walisimama pembeni ya mlango kwa sababu ndivyo wanavyofundishwa, maana risasi ikipigwa kutoka ndani hupita katikati ya mlango. Gari la wagonjwa lilisubiri kona ya juu kwa sababu wahudumu kwa kawaida hawaruhusiwi kuingia nyumba yenye tahadhari mpaka polisi waseme ni salama. Na lile jina waliloliuliza walilisoma kwenye kompyuta ya gari, dakika chache kabla ya kukuona. Uhakika kamili utaupata kwenye rekodi zenyewe. Namna ya kuziomba nitaieleza baada ya kukuonyesha zinavyotengenezwa, maana usipolijua hilo hutajua uombe nini.

Simu inapita mikono mingapi

Katika vituo vikubwa vya 911, aliyezungumza nawe siye aliyezungumza na askari. Mpokea simu alikusikia akaandika. Mtu wa redio, ambaye huenda amekaa viti vitatu mbali naye, hakusikia sauti yako hata kidogo. Yeye alisoma kilichoandikwa akakitangaza. Askari akasikia tangazo, na kama kulikuwa na mwenzake asiyeshika usukani, huyo akasoma maandishi kwenye kompyuta ya gari. Kwa hiyo maneno yako yalipita kwa watu wawili kabla ya kumfikia mtu mwenye bunduki, na yote hayo ndani ya dakika moja au mbili. Vituo vidogo vya vijijini kazi zote mbili hufanywa na mtu mmoja. Huko maneno hupotea kwa nadra, ila mtu huyo anaweza kuwa na simu nyingine mbili zinalia.

Kitu cha kwanza mfumo unachodai ni anwani. Simu ya mezani ya waya huja na anwani yake. Simu ya mkononi huja na alama kwenye ramani iliyozungukwa na duara la makadirio. Duara hilo linaweza kuwa la mita 50 au zaidi, na kwenye jengo la ghorofa halisemi uko mlango upi. Simu ya mezani inayotumia intaneti ndiyo yenye mtego mbaya kuliko zote: huonyesha anwani uliyojiandikisha siku uliyoinunua. Familia iliyohama kutoka Texas kuja Ohio na kile kifaa chao bila kubadili anwani kwenye akaunti inaweza kupiga 911 ikapokelewa Texas. Kama mnatumia simu ya aina hiyo, ingieni kwenye akaunti leo muirekebishe.

Mpokea simu akiandika anwani, kompyuta inailinganisha na orodha ya mitaa ya kaunti. Inataka namba ya nyumba, upande wa dira, jina, na aina ya barabara. Columbus, mji mkuu wa Ohio, kwa mfano, ina North High Street na South High Street. Ukisema "High Street" tu, namba ileile inaweza kuwepo pande zote mbili, maili kadhaa kutoka hapa hadi kule. Sisi tumezoea kuelekeza kwa msikiti, kwa duka, kwa mwembe mkubwa. Elekeza hivyo baada ya kutaja namba na mtaa, si kabla, kwa sababu mpaka kompyuta iikubali anwani kwa kawaida hakuna gari linalotumwa.

Ikishaikubali, mambo kadhaa hujitokeza yenyewe pembeni ya skrini bila mtu kuyatafuta. Kuna orodha ya simu zote zilizowahi kuihusu anwani hiyo, tarehe na aina yake. Kuna tahadhari: silaha, mbwa mkali, mtu aliyewahi kupigana na askari. Kuna maelezo ya msaada, kama namba ya geti, mgonjwa anayetumia mtungi wa oksijeni, mtoto mwenye usonji anayekimbia akisikia king'ora. Na mara nyingi yako majina ya watu waliowahi kuandikwa kuwa wanaishi hapo. Katika mifumo mingi tahadhari huja na rangi au mlio, na mpokea simu hana namna ya kutoiona.

Tangazo la redio lenyewe ni fupi. Kwa simu kama yako lingekuwa hivi: "Gari 12 na 14, saidieni wahudumu wa afya. Mwanamke mzee ameanguka." Kisha anwani, na mitaa miwili inayoikata. "Aliyepiga ni mkwewe, yuko ndani. Hakuna silaha iliyotajwa. Anwani ina tahadhari: mwanamume, vurugu dhidi ya askari, bunduki nyumbani. Gari la wagonjwa linasubiri mbali."

Lisome tena taratibu. Linakosa kitu kimoja ambacho kingebadilisha usiku wenu wote, nacho ni tarehe. Askari hakuambiwa kama ile vurugu ilitokea juzi au miaka sita iliyopita. Angeweza kuifungua kwenye kompyuta akaisoma, lakini alikuwa anaendesha gari usiku.

Angalia pia yale maneno "hakuna silaha iliyotajwa." Askari mzoefu hayasikii kama "hakuna silaha." Tarehe 21 Januari 2022, Harlem, New York, askari walitumwa kwenye ugomvi wa mama na mwanawe. Simu haikutaja silaha wala majeruhi. Askari wawili walipigwa risasi ndani ya nyumba hiyo, na wote wawili wakafa. Hii ndiyo sababu askari huja na tahadhari hata pale ambapo simu imesikika ya amani kabisa, na sidhani inafaa kuwalaumu kwa hilo. Lawama yangu iko kwingine: kwenye tahadhari zinazoandikwa vibaya na kuachwa bila mwisho.

Nani anaandika, na kwa nini haifutiki

Tahadhari nyingi huombwa na askari mwenyewe baada ya tukio. Anapiga kituoni au anajaza fomu, msimamizi anaidhinisha, inaingizwa. Nyingine hutoka kwa wazima moto: nyumba iliyojaa mizigo hadi darini, sakafu iliyooza, kemikali gereji. Nyingine huombwa na wenye nyumba, hasa za wagonjwa. Na amri za mahakama za kumzuia mtu asimsogelee mwenzake nazo huunganishwa na anwani ya anayelindwa.

Tahadhari nzuri ina mambo matano: tarehe ya tukio, jina na tarehe ya kuzaliwa ya mhusika, alichofanya hasa, namba ya kesi, na tarehe ya kuisha muda wake. Mfano: "Tarehe 3 Mei 2021, fulani wa fulani, aliyezaliwa mwaka fulani, alimtishia askari kwa bastola sebuleni. Kesi namba kadhaa. Ipitiwe upya Mei 2022." Askari akisoma hiyo anajua amtafute nani na aulize nini. Mbaya huandikwa hivi: "Tahadhari kwa askari. Silaha. Hawapendi polisi." Hakuna jina, hakuna siku. Nani hawapendi polisi? Mama mkwe wako?

Shida ya msingi ni kwamba hatari hubebwa na mtu, lakini alama inawekwa kwenye nyumba. Mtu akihama, alama inabaki. Vituo vilivyo makini huipa kila tahadhari muda, mwezi, miezi sita au mwaka, kisha inazimika yenyewe isipothibitishwa upya. Vingine havina utaratibu huo, na tahadhari hukaa mpaka mtu aulize. Kwenye majengo ya wapangaji wengi hali ni mbaya zaidi: kama mpokea simu wa zamani hakuandika namba ya mlango, historia ya mlango mmoja inamwagika juu ya jengo zima, na familia 40 zinabeba sifa ya moja.

Kuna kisa cha Fresno, California, ambacho kila mpangaji angefaa kukijua. Polisi wa mji huo walijaribu programu iitwayo Beware iliyokusanya taarifa kuhusu watu na anwani na kuzipa rangi: kijani, njano, nyekundu. Mwaka 2015, kwenye kikao cha hadhara, diwani mmoja akauliza yeye ana rangi gani. Mkuu wa polisi akasema jina la diwani ni kijani. Nyumba yake, hata hivyo, ilitoka njano, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba huenda ni kwa sababu ya mtu aliyewahi kuishi pale. Diwani akaona hatari papo hapo: askari watakaokuja kwake watamchukulia yeyote atakayetoka mlangoni kuwa ndiye mtu wa njano. Mradi ulizua kelele na mji ukaachana nao. Lakini tatizo lilelile, bila rangi za kuvutia macho, liko kwenye vituo vya kawaida kote nchini.

Maneno yanapopotea njiani

Kosa linaweza kwenda pande zote mbili, na pande zote mbili linaua.

Pittsburgh, Pennsylvania, tarehe 4 Aprili 2009: mama alipiga 911 akitaka mwanawe aondolewe nyumbani baada ya ugomvi wa asubuhi. Mpokea simu aliuliza kuhusu silaha. Mama akajibu kwamba anazo, na zote ni halali. Mpokea simu hakulifuata jibu hilo, na taarifa iliyowafikia askari haikuwa na bunduki hizo. Askari watatu waliuawa.

Cleveland, katika jimbo lenu hilohilo la Ohio, tarehe 22 Novemba 2014: mtu aliyekuwa kwenye bustani alipiga 911 kusema kuna mtu anaelekeza bastola kwa watu. Alisema huenda ni ya bandia, akarudia, akaongeza kuwa mwenye nayo huenda ni mtoto. Mpokea simu aliandika bastola. Hakuandika "huenda ya bandia" wala "huenda mtoto". Askari waliambiwa kuna mwanaume mweusi mwenye bunduki, gari likafika, na ndani ya sekunde mbili Tamir Rice, mwenye umri wa miaka 12, alikuwa amepigwa risasi. Bastola ilikuwa ya kuchezea. Mpokea simu alisimamishwa kazi siku nane, mwaka 2017.

Fort Worth, Texas, tarehe 12 Oktoba 2019, saa nane na kitu usiku: jirani aliona milango ya nyumba ya pili iko wazi na taa zinawaka. Akapiga namba isiyo ya dharura kuomba waangaliwe kama wako salama. Kila simu hupewa aina, na aina hiyo ndiyo inayoamua askari wanaingiaje. Hii iliwafikia kama "jengo lililo wazi", aina inayomfanya askari afikirie wezi. Hawakugonga wala kujitambulisha. Walizunguka nyuma kimya, na mmoja akampiga risasi Atatiana Jefferson, miaka 28, kupitia dirishani, ndani ya nyumba ya familia yake. Askari huyo alikutwa na hatia ya kuua bila kukusudia mwaka 2022.

Nimeyaweka matatu haya pamoja kwa makusudi. Katika la kwanza lilipotea jibu moja kuhusu silaha. Katika la pili yalipotea maneno ya mashaka. Katika la tatu simu ilipewa aina isiyofanana na ombi. Mpigaji hawezi kuzuia yote hayo, ila anaweza kuyapunguza: lililo muhimu liseme mwanzoni, lirudie, kisha mwombe mpokea simu akusomee alichoandika.

Wanachoweza kukitafuta kwa jina

Anwani na jina ni vitu viwili tofauti kwenye kompyuta. Historia ya nyumba iko kituoni. Taarifa za mtu ziko kwenye hifadhi za jimbo na za taifa: Ohio ina LEADS, na FBI, shirika la upelelezi la taifa, inaendesha NCIC tangu mwaka 1967. Huko huulizwa kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, au namba ya gari. Hutoka hati za kukamatwa, amri za ulinzi, watu waliopotea, magari na bunduki za wizi. Mtu wa redio akiwa na jina kwenye tahadhari yenu, ataliuliza wakati gari liko njiani. Kwa hiyo askari wanaweza kufika wakijua mengi kuhusu mpangaji wa zamani na lisilo hata moja kuhusu wewe.

Wengi wetu huuliza kuhusu karatasi za ukaazi. Anwani haibebi hali ya uhamiaji ya wakaaji wake. Lakini NCIC ina faili la watu waliowahi kutolewa amri ya kuondoshwa nchini na makundi mengine machache, na askari akiuliza jina lililomo humo, litatokea. Ni vizuri kila mtu ajue msimamo wake kwa kuongea na wakili wa uhamiaji kabla siku haijafika.

Kuhusu bunduki, Marekani haina daftari la taifa la wamiliki. Sheria ya mwaka 1986 inalikataza. Baadhi ya majimbo yana hifadhi zao. California inayo, na baada ya mauaji ya watu kadhaa katika mji wa Isla Vista mwaka 2014, ambako maofisa walikuwa wamemtembelea muuaji wiki chache kabla bila kuangalia hifadhi hiyo, jimbo lilipitisha sheria inayovitaka vyombo vyake viwe na sera ya kuwahimiza askari waiangalie kabla ya kwenda kumkagua mtu anayehofiwa. Sehemu nyingi nyingine, "bunduki nyumbani" kwenye tahadhari ni neno la mtu tu: mke wa zamani, jirani, au askari aliyeiona siku ile.

Mpangaji wenu wa zamani ana mkia mwingine. Kama hajabadili leseni ya udereva, anwani yenu bado ni yake kwenye kumbukumbu za magari za jimbo. Hati ya kumkamata inaweza kutaja nyumba yenu. Wakija wakimtafuta, sheria iko hivi: kwa uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 1980, Payton dhidi ya New York, hati ya kukamata inawaruhusu kuingia nyumba ya mshukiwa mwenyewe iwapo wana sababu ya kuamini yumo. Kuingia nyumba ya mtu mwingine kumtafuta mshukiwa kunahitaji hati ya upekuzi, kwa uamuzi wa mwaka 1981, Steagald dhidi ya Marekani, isipokuwa kuna dharura au umewaruhusu. Kwa hiyo mkataba wenu wa upangaji uwe karibu na mlango. Barua zake zisitupwe: andikeni kwa bahasha kuwa hakai hapo, mzirudishe kwa mpeleka barua.

Ukipiga tena kabla haijafutwa

Baada ya anwani na tatizo, sema sentensi hii mapema: sisi ni wapangaji wapya tangu mwezi fulani, aliyekuwepo zamani amehama. Mpokea simu ataiandika, na itawafikia askari kwenye simu hiyohiyo. Kisha taja walioko ndani, idadi na umri, na sema wazi kama hakuna silaha na hakuna mgeni. Mwambie nani atafungua mlango na amevaa nini. "Nitafungua mimi, nimevaa dera la njano na kilemba cheupe" inamsaidia askari kuliko unavyofikiri, kwa sababu anachotafuta pale mlangoni ni kitu cha kulinganisha na alichoambiwa.

Kama Kiingereza kinakukimbia, taja neno moja, "Swahili". Vituo huunganisha mkalimani wa simu. Inachukua muda kidogo, kwa hiyo toa anwani kwanza kwa Kiingereza, hata tarakimu moja moja. Uwe mwangalifu na maneno yetu ya hasira. "Ataniua huyu mtoto" ambalo mama anasema kwa uchovu litatafsiriwa neno kwa neno na kuandikwa kama tishio la kuua. "Ana panga" linaingia kama silaha, hata kama baba alikuwa nyuma ya nyumba anakata majani. Sema ana panga mkononi au panga liko stoo. Sema anamtishia mtu au la.

Kabla hawajafika, washa taa ya nje, fungia mbwa chumbani, zima jiko na uweke kisu chini. Mlangoni mikono ionekane mitupu. Usitoke mbio kulifuata gari lao, na usimtume kijana wa kiume atoke gizani kuwaonyesha njia. Kama tatizo ni la afya ya akili na hakuna aliye hatarini dakika hiyo, namba 988, iliyoanza tarehe 16 Julai 2022, huunganisha na mshauri bila kutuma askari kama hatua ya kwanza, na ina wakalimani.

Kuomba rekodi na kuomba irekebishwe

Haya ni maombi mawili tofauti. Yatume siku moja, usingoje la kwanza lijibiwe ndipo utume la pili.

La kwanza ni la rekodi za umma. Ohio mna bahati: kifungu cha 149.43 cha sheria za jimbo kinakupa haki ya kuomba, na kwa kawaida hulazimiki kutoa jina lako wala kusema sababu. Mahakama Kuu ya Ohio iliamua mwaka 1996 kwamba kanda za 911 ni rekodi za umma. Usipeleke ombi chini ya sheria ya uhuru wa taarifa ya shirikisho. Hiyo ni ya ofisi za serikali kuu peke yake, na ombi litarudi. Uliza kwanza nani anaendesha kituo chenu cha 911, maana huenda ni kaunti au kituo cha pamoja cha miji kadhaa, si polisi wa mji wenu.

Andika unachotaka kwa majina yake: ripoti ya kompyuta ya simu ya tarehe ile, pamoja na maelezo yote yaliyoandikwa na muda wa kila mstari, sauti ya simu yako, sauti ya redio ya dakika zile, orodha ya simu zote kwa anwani yenu kwa miaka mitano, na tahadhari zote zilizoambatanishwa na anwani. Fanya haraka. Muda wa kutunza sauti hutofautiana, na vituo vingine hufuta baada ya wiki chache tu. Majibu ya LEADS hayatatolewa, na wanaweza kuzuia maneno ya tahadhari kwa kudai usalama au uchunguzi. Hata hivyo ile ripoti ya simu yako peke yake mara nyingi inatosha: ukiona mstari wa tahadhari umeingia sekunde chache baada ya anwani kukubaliwa, umeshaelewa.

La pili ni ombi la marekebisho, na hili halitegemei kuiona tahadhari kwanza. Piga namba isiyo ya dharura ya kituo, omba kuongea na msimamizi wa zamu, kisha fuatisha kwa barua pepe. Ambatanisha mkataba wa upangaji, bili moja ya umeme au maji, na kama mwenye nyumba ni mwungwana, barua yake fupi inayotaja siku mpangaji wa zamani alipohama. Namba ya hifadhi ya jamii usitoe, haihitajiki. Omba tahadhari iondolewe kwenye anwani au ihamishiwe kwa mtu husika. Wakikataa, omba iongezwe kwamba kuna familia mpya tangu tarehe fulani, na iwekewe siku ya kupitiwa upya. Omba jibu la maandishi.

Ombi hilohilo litume pia kwa idara ya zimamoto na huduma ya wagonjwa. Wengine wana kompyuta yao, na tahadhari ikifutwa kwa polisi inaweza kubaki kwao; gari litaendelea kusubiri kona ya juu. Kwenye ombi hilo ongezeni habari za mama: umri, dawa za kuzuia damu kuganda kama anatumia, kwamba hasikii vizuri au hajui Kiingereza, na mlango upi kitanda cha kubebea wagonjwa kinapita. Kama kaunti yenu imejiunga na Smart911, huduma ya kuhifadhi maelezo ya familia ili mpokea simu wa 911 ayaone, unaweza kuyajaza mwenyewe bure na kuyabadili wakati wowote.

Usiogope kwamba kuuliza kutaongeza "simu" kwenye historia ya nyumba. Ombi la rekodi linakwenda ofisi ya kumbukumbu, haliingii kwenye mfumo wa kutuma askari. Najua hofu hiyo inakotoka: miji kadhaa ya Ohio imewahi kuwa na kanuni za kuwatoza faini wenye nyumba kwa sababu ya polisi kuitwa mara kwa mara. Kama mwenye nyumba wenu amewahi kuwaonya msipige 911, hifadhi ujumbe wake. Sheria ya shirikisho ya kuwalinda wanawake dhidi ya ukatili, ilipohuishwa mwaka 2022, iliweka haki ya kuomba msaada wa dharura kutoka nyumbani bila kuadhibiwa kwa hilo, kwa mpangaji na kwa mwenye nyumba, katika miji inayopokea fedha fulani za maendeleo ya makazi. Ofisi ya msaada wa kisheria ya kaunti yenu itakuambia kama mji wenu ni mmojawapo.